Rafu ya Chini ya Vaitoelau

Fetuao alikuwa mtu wa kunyoosha vitu. Akikuta kalamu imelala upogo mezani, aliinyoosha. Akikuta lebo imebandikwa vibaya, aliibandua kwa ukucha, akaipuliza, akaibandika upya. Shangazi yake wa Apia, mji mkuu wa Samoa, aliyemlea, alisema binti wa namna hii hufaa kuwa mkutubi au fundi wa majeneza, na kwa kuwa mtaa wao ulikwisha kuwa na mafundi wa majeneza wa kutosha, akampeleka chuo cha ufundi kusomea ukutubi.

Chuo hicho hakikumpa mtu cheti kwa kukaa darasani tu. Muhula wa mwisho kila mwanafunzi alipelekwa kwenye maktaba ya shule kufanya mafunzo kwa vitendo, na mkufunzi, Bi Perelini, alimfuata huko mara mbili: mara ya kwanza kuona amefanya nini, mara ya pili kuona kama alichofanya kimemsaidia mtu. Aliyefaulu alipata cheti. Aliyeshindwa alirudi nyumbani, na shangazi alikwisha kumweleza Fetuao maana ya kurudi nyumbani. Binamu zake walikuwa New Zealand wakichuma matufaa, na huko palikuwa na nafasi moja wazi.

"Tufaa haliulizi cheti," shangazi alisema. "Linauliza mikono. Na mikono unayo."

Fetuao hakuwa na ugomvi na matufaa. Lakini kila alipojaribu kujiona juu ya ngazi katikati ya baridi, amevaa soksi mbili mbili, akichuma tunda linalofanana kabisa na lile la jana, moyo wake ulikunjamana kama karatasi iliyomwagiwa chai. Alikitaka kile cheti kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, ingawa kwa tabia yake hakumwambia mtu.

Shule aliyopangiwa ilikuwa Vaitoelau, kisiwani Savai'i, upande ambako basi hufika likiwa limebaki na dereva, mikate na abiria mmoja aliyelala. Mwalimu Mkuu Iakopo alimpokea getini, amevaa kiunoni lavalava ya samawati na shingoni tai nyekundu iliyonyooka, jambo lililompa Fetuao matumaini.

"Maktaba yetu ni fahari ya upande huu wote wa kisiwa," alisema Mwalimu Mkuu. "Ndugu zetu walioko Australia walituletea kontena zima la vitabu. Vijiji vyote vilikuja kuvipokea. Tulichinja, tukaimba, wazee wakahutubia. Tangu siku ile hakuna kitabu hata kimoja kilichopotea."

"Vimeazimwa vingapi?" Fetuao aliuliza.

Mwalimu Mkuu alimtazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa madhabahu imetumika kupikia mara ngapi. "Hakuna hata kimoja kilichopotea," alirudia.

Maktaba ilikuwa chumba kikubwa cha saruji chenye feni mbili, na hapakuwa na mahali penye ubaridi kama pale kijijini kote. Rafu zilizunguka kuta tatu na kupanda hadi mkono wa mtu mrefu unapoishia. Vitabu vilikuwa vimepangwa kwa rangi: vyekundu karibu na mlango ili mgeni avione kwanza, vya kijani chini ya dirisha, na vyeusi peke yao kwenye kona kama wafiwa. Katikati ya sakafu, juu ya mikeka, aliketi Mama Fuatino, mlinzi wa maktaba na mke wa Chifu Lemanogi, mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa akisuka mkeka wa heshima, ule laini kama kitambaa ambao humla mwanamke miezi na miezi, kisha hutolewa siku ya harusi, msiba au kutawazwa. Nyuzi za mkeka huo, za majani ya mkadi, hazipendi joto, zikikauka hukatika. Ndiyo sababu Mama Fuatino aliiomba kazi ya kulinda vitabu, na ndiyo sababu hapakuwa na aliyethubutu kumwuliza kama amewahi kukifungua kimoja.

Fetuao aliinama, akapita mbele yake akisema "tulou, tulou", kuomba radhi kwa kupita, akaketi na kukunja miguu.

"Ndiye wewe uliyetumwa na chuo?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Mbona mwembamba hivyo? Huko Apia hawapiki? Tukiifungulia feni hiyo utapeperuka, tuje kukutafuta baharini. Wa ukoo gani?"

Fetuao akautaja ukoo wa baba, kijiji cha mama na jina la bibi. Mama Fuatino alisikiliza bila kuinua macho kwenye nyuzi.

"Bibi yako namjua. Alikuwa na sauti kubwa kanisani, na nyimbo hakuzijua. Haya, karibu mwanangu. Fanya kazi yako, ila mimi usinisogeze."

Fetuao akafanya kazi yake. Chuo kilikuwa kimemfundisha kanuni, na kanuni zilikuwa faraja yake: kila kitabu kipewe namba kwa mada yake, vitabu vizito vikae rafu ya chini ili rafu zisije zikapinda, hadithi, zinazopendwa na vijana, zikae usawa wa macho ya msomaji, asipate taabu. Rafu za chini alizipanga ameketi, akijisogeza kwa matako kutoka kona hadi kona. Zile za juu alizipanga Mama Fuatino alipokwenda kuwalisha nguruwe wake, asubuhi na jioni. Hakulifikiria jambo hilo, kama vile mtu asivyofikiria kuvua viatu mlangoni. Rangi zikavunjwa, namba zikaingia. Kazi ilipokwisha alisimama mlangoni akatazama migongo ile iliyonyooka, akasikia raha ambayo wengine huipata kwa chakula.

"Kimekuwa chumba cha daktari," Mama Fuatino alisema aliporudi, akinusa. "Vyekundu vyangu umevipeleka wapi?"

"Vimo, Mama. Vimetawanyika kwa mada."

"Kutawanyika nimekuona."

Maktaba ikafunguliwa. Wanafunzi waliingia kwa adabu, wakainama, wakasema "tulou", wakaketi, wakaazima vitabu. Fetuao aliandika kadi kwa mwandiko wake wa duara. Wiki zilivyosonga akaanza kuona mambo ya ajabu. Kitabu kilichopendwa kuliko vyote Vaitoelau kilikuwa cha magonjwa ya kwato za kondoo. Kikirudi leo, kinatoka leo. Nyuma yake kilifuata cha kumwaga zege nchi zenye theluji, kisha cha kufungua injini za matrekta, kisha cha uhasibu wa mashamba ya ngano. Hadithi, zilizojaa ukutani usawa wa macho, zilikuwa zimenyooka vilevile alivyozinyoosha. Hakuna aliyezigusa.

Fetuao alilitafakari jambo hilo kwa utulivu, akaandika katika ripoti yake: "Wanafunzi wa Vaitoelau wana mwelekeo mkubwa wa ufugaji na ujenzi."

Bi Perelini alikuja kwa ukaguzi wa kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo, aliyesomea Wellington na kurudi na imani kwamba kila swali lina jibu fupi. Alikuta Mama Fuatino ameamkia shambani siku ile, akazizunguka rafu akisoma namba kwa kidole, asione kosa hata moja. Kisha akazichukua kadi za kuazima, na uso wake ukabadilika.

"Mwalimu Mkuu, watoto hawa wanafuga kondoo?"

"Hapana, Bi."

"Kisiwani kuna kondoo?"

"Bado," alisema Mwalimu Mkuu Iakopo. "Lakini siku wakifika, watatukuta tumejiandaa."

Bi Perelini akaomba aitwe msomaji. Akaletwa Sieni, msichana wa kidato cha nne, mrefu, mwenye macho ya kucheka hata akiwa amenyamaza. Sieni akakunja mikono kifuani akaanza: kwato ya kondoo huoza kutokana na unyevu, kwanza mnyama huchechemea, kisha hupiga magoti wakati wa kula, kisha harufu. Alieleza dawa, namna ya kuchanganya, na kisu cha kukatia. Mwalimu Mkuu alitoa leso, akafuta machozi ya fahari.

"Kondoo umewahi kumwona?" Bi Perelini aliuliza.

"Kwenye dirisha la kioo la kanisa, Bi. Yuko mabegani mwa Bwana."

"Na yeye anaumwa kwato?"

"Nadhani ndiyo sababu amebebwa, Bi."

Walipotoka nje, Bi Perelini alimvuta Fetuao chini ya ukingo wa paa.

"Mpangilio wako sijapata kuuona kwa mwanafunzi. Hata nikiwa na sindano, sina pa kuichomeka. Lakini chumba kimejaa hadithi na hakuna mtoto aliyeifungua hata moja. Maktaba gani hiyo? Hiyo ni duka la dawa za mifugo. Nikirudi nataka mambo mawili: mtoto mmoja anisimulie hadithi aliyoisoma humu, na rafu nizikute zilivyo leo. Kimoja bila kingine, sisaini."

Fetuao aliyaona matufaa yakimjia, mekundu, safu kwa safu.

Akaanza kuwahubiria wanafunzi. Alibandika picha za rangi. Alipita madarasani akisifu hadithi za mapenzi, za wizi, za majini. Kila alipouliza, "Basi kesho mtaazima hadithi?" wote walijibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!" na kesho yake wakaazima kondoo. Alidhani ni ukaidi. Alidhani ni woga wa Kiingereza, lakini watoto wale walikuwa wamesoma uhasibu wa ngano bila kupepesa. Hatimaye alimkuta Sieni anafagia majani uwanjani, akamwuliza waziwazi.

"Sieni, mdogo wangu, niambie kweli. Hadithi zina kosa gani?"

"Hazina kosa, Dada."

"Basi mbona hamzichukui?"

Sieni aliacha kufagia. Alimtazama kama mtu anayetafuta namna ya heshima ya kumwambia mkubwa wake kwamba kavaa nguo ndani nje.

"Dada, tutasimamaje? Mama Fuatino ameketi."

Fetuao aligeuka kuutazama mlango wa maktaba.

"Rafu inayofikika mtu akiwa amekaa ni ile ya chini tu," Sieni aliendelea kwa upole. "Ya pili mtu akijinyoosha sana, na Tavita wa darasani kwetu alijinyoosha akateguka. Sasa nani asimame mbele ya mke wa Chifu, amwinulie makalio juu ya kichwa, eti anatafuta hadithi? Nyumbani tutaambiwa tumelelewa na mbwa. Hata wewe mwenyewe mbona hupandi mpaka aende kwa nguruwe?"

Ni kweli. Darasani mwalimu husimama ubaoni, na mambo hayana tabu. Lakini maktabani palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mzee ameketi, na mzee akiketi mdogo hashiki mbingu. Hilo Fetuao alilijua tangu hajaota meno. Alilijua kiasi kwamba mwili wake ulilitii bila kumwarifu yeye. Wale watoto hawakuwa wapenzi wa kondoo. Walikuwa na adabu.

Akamwendea Mama Fuatino, akaketi, akakunja miguu, akaanzia mbali, kwa hali ya hewa.

"Mama, nilikuwa nawaza. Labda tungekutafutia kiti."

"Kiti cha nini?"

"Cha kukalia, Mama."

"Na hapa nimefanya nini, nimening'inia?"

"Kwa ajili ya mgongo wako."

"Mgongo wangu una nini? Mkeka wa heshima husukwa chini, mwanangu. Ukisukwa kitini unatoka wa kufutia miguu."

"Au barazani, pana upepo..."

"Na jua."

"Au labda nyumbani kwako, Mama, kwa utulivu."

Mama Fuatino alicheka mpaka akaziachia nyuzi. "Nyumbani kuna mume! Umesema utulivu. Wewe hujaolewa, unaonekana."

Fetuao akalipeleka jambo kwa Mwalimu Mkuu, naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamua jambo peke yake ikiwa wapo wa kulaumiwa naye, akalipeleka kwenye kamati ya shule. Machifu walikutana maktabani, maana ndipo penye ubaridi. Mama Fuatino alichinja nguruwe kwa ajili ya kikao. Wakakaa kila mmoja kwenye nafasi yake, wakahutubia kwa zamu, wakakubaliana kwamba tatizo ni zito na la kiufundi. Mama Fuatino hawezi kushushwa. Basi apandishwe: ajengewe jukwaa la saruji, ili kichwa chake kiwe juu ya vichwa vya watoto waliosimama. Wote walipiga makofi.

Kikao cha pili, na nguruwe wa pili, chifu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri alikumbusha kwamba kamati hukutana chumba hichohicho. Mke wa mwenyekiti akiwa jukwaani, atakuwa juu ya mwenyekiti. Ikaamuliwa mwenyekiti naye apewe jukwaa. Kisha machifu wengine, kwa kuwa hawakuwa chini ya mwenyekiti kwa kiasi hicho. Kisha mchungaji. Kikao cha tatu, wakimalizia nguruwe wa mwisho wa Mama Fuatino kwa magimbi na tui, Mwalimu Mkuu Iakopo aliwasilisha mchoro uliojumuisha mapendekezo yote. Ulikuwa mchoro wa kuinua sakafu nzima.

"Tumelimaliza," alisema Chifu Lemanogi, mzee mnene mwenye sauti ya chini. "Kazi ianze baada ya Krismasi."

Fetuao alikuwa ameketi karibu na mlango na sinia la kakao ya moto mapajani. Bi Perelini alikuwa arudi wiki iliyofuata. Hakuwa na jukwaa wala Krismasi. Alikuwa na njia moja tu: kuvunja mpangilio.

Alikuwa amekwisha kuianza. Siku zile kabla ya kikao cha tatu, kila Mama Fuatino alipokwenda kumlisha yule nguruwe wa mwisho, Fetuao alirukia rafu. Hadithi alizishusha chini, na vitabu vya chini akavipandisha juu, akivichomeka popote palipobaki mwanya, kondoo kando ya mahubiri, zege kando ya mashairi, trekta kichwa chini miguu juu. Aliapa moyoni kwamba huko juu atakunyoosha kesho. Lakini kesho nguruwe aliliwa. Mama Fuatino hakuwa tena na sababu ya kutoka. Alifika asubuhi na chakula chake kwenye kikapu, akaketi hadi jioni. Na Fetuao, ambaye hakulala vizuri akiijua lebo moja iliyopinda, alikaa chini ya ukuta mzima wa fujo ya mikono yake mwenyewe, asiweze kusimama kuugusa.

Chini, hata hivyo, mambo yalichangamka. Rafu ya chini, sasa imejaa hadithi kwa mpangilio wa majina ya waandishi, ilifunguka kama mlango wa kanisa siku ya sikukuu. Watoto walijaa, wakalala kifudifudi kwenye mikeka, wakasoma na kusukumana viwiko.

"Mnanong'ona nini kama panya ghalani?" Mama Fuatino alifoka. "Kama ni kibaya kiacheni. Kama ni kizuri, semeni na wakubwa wasikie."

Ikawa Sieni anasoma kwa sauti, akigeuza Kiingereza kwa lugha ya nyumbani papo kwa papo. Ilikuwa hadithi nene ya muuguzi mmoja wa Melbourne aliyechumbiwa na daktari, na daktari huyo alikuwa na siri kila mfukoni. Mama Fuatino alisuka na kusikiliza. Siku ya pili alikuja na dada zake wawili, eti wamsaidie kuchambua nyuzi. Siku ya tatu alilazimika kufumua mistari minne.

"Huyo daktari mwongo amenipotezea mkeka," alisema. "Ningempata mimi! Soma, usinitazame. Muuguzi amejibu nini?"

"Amesema atafikiri, Mama."

"Anafikiri nini, mjinga huyu? Mwanamume ana funguo za nyumba mbili!"

Siku ya ukaguzi kamati yote ilikuja kumpokea mgeni. Machifu wakaketi, mchungaji akaketi, Mama Fuatino akaketi na mkeka wake. Bi Perelini aliingia akitwetea kwa safari, na kabla hajafika popote aliinama, akasema "tulou" pande zote, akaketi mahali alipoonyeshwa. Wellington ilikuwa mbali.

Fetuao aliona matumaini madogo yakichungulia. Mkaguzi ameketi. Machifu wameketi. Kutoka pale alipo, Bi Perelini angeweza kuiona rafu moja tu, nayo ilikuwa imenyooka kama wembe. Ilimradi asisimame mtu. Akaomba kimoyomoyo, kwa mara ya kwanza maishani, adabu za Kisamoa zisilegee.

Bi Perelini aliivaa miwani, akapitisha kidole kwenye rafu ya chini mwanzo hadi mwisho. "Hadithi zimeshuka," alisema.

"Ndiyo, Bi."

"Haya. Nani anisimulie?"

Sieni akasogea katikati, akaketi. Alianza taratibu, kwa adabu, kisha hadithi ikamchukua. Alimwigiza daktari kwa sauti ya puani mpaka mchungaji akakohoa. Alipofika kwenye zile funguo za nyumba mbili, chifu mmoja alisema "Aa!" akatazama pembeni. Ikaja siku ya harusi. Kanisa limejaa, muuguzi amevaa nyeupe, daktari amemshika mkono, mchungaji anauliza kama yupo mwenye pingamizi. Ghafla mlango wa nyuma ukafunguka, na mlangoni akasimama mume wa kwanza wa muuguzi, yule aliyezama baharini, amelowa chapachapa.

Sieni akainama kama aliyemaliza.

"Kisha?" aliuliza Chifu Lemanogi.

"Kimeishia hapo, Mheshimiwa."

"Kimeishiaje hapo? Mtu amelowa mlangoni!"

"Kuna kitabu cha pili. Chini hakimo, kitakuwa juu."

Macho yote yalipanda ukutani, kisha yakashuka kwa Fetuao. Naye alitazama vidole vyake. Cha pili alikuwa amekichomeka huko siku za ghasia, chini pamekwisha kujaa, bila kujua ni cha pili cha nini.

"Kachukueni," alisema mchungaji.

Hakuna aliyetikisika. Watoto hawakuweza, machifu wameketi. Chifu mdogo hakuweza mbele ya mkubwa, wala mkubwa kusimama kwa ajili ya muuguzi wa Melbourne, akatajwa kwa hilo mpaka kaburini. Feni zikazunguka. Yule mtu wa baharini akaendelea kudondosha maji mlangoni.

"Tungeweza kuahirisha," Fetuao alisema kwa sauti ndogo. "Nitakitafuta wageni wakishaondoka."

"Uahirishe nini?" Mama Fuatino aliuweka mkeka pembeni. "Mimi nitalalaje? Hebu nipisheni." Akashika bega la mumewe, akajikongoja, akasimama.

Mkewe akiwa amesimama juu ya kichwa chake, Chifu Lemanogi hakuwa na budi, akasimama. Mwenyekiti akisimama, machifu wakasimama. Machifu wakisimama, mchungaji, Mwalimu Mkuu, watoto na Bi Perelini wakasimama, na miwani ya Bi Perelini ikawa usawa wa rafu ambayo chuo kilisema ndiyo mahali pa hadithi. Alikutana na ng'ombe wa maziwa, nyimbo za Pasaka, na trekta kichwa chini.

Aliitazama rafu hiyo, akaitazama ya juu yake, kisha akamgeukia Fetuao. Fetuao alikuwa amekwisha kufika New Zealand, amekwisha kuvaa soksi.

"Kina rangi gani?" Mama Fuatino alipaza sauti.

"Cha kwanza ni chekundu," alisema Sieni.

"Mnaona sasa? Zamani ningekwenda mlangoni moja kwa moja!"

Ikabidi kitafutwe kimoja kimoja. Machifu, ambao tangu siku ya kontena hawakuwa wamekigusa kitabu humo ndani, walivivuta, wakavipuliza, wakavifungua. Mchungaji alikipata cha zege akakiegemea dirishani. Chifu mwenye kumbukumbu nzuri aliuliza kama kondoo anaweza kuletwa kwa meli. Mwalimu Mkuu alikimbia huku na huko akivirudisha vilivyotolewa, navyo vikatolewa tena nyuma yake. Ni Bi Perelini aliyekikuta, nyuma ya kamusi, kimelala kifudifudi. Alikifungua ukurasa wa kwanza papo hapo, akausoma, akageuza wa pili.

"Na mtu wa mlangoni?" aliuliza Chifu Lemanogi.

"Si yeye," alisema Bi Perelini bila kuinua macho. "Ni pacha wake."

Chumba kizima kilipiga ukelele.

Baadaye, chakula kilipokwisha, Bi Perelini aliandika ripoti yake, akampa Fetuao aisome. Mpangilio: aibu kwa chuo. Wasomaji: wapo. Afaulu kwa daraja la mwisho kabisa, na cheti kitumwe siku Mwalimu Mkuu atakapothibitisha kwamba rafu za juu zimenyooshwa. Daraja la mwisho lilimwuma Fetuao kama mchanga kwenye jicho. Alikuwa hajawahi kuwa wa mwisho katika kitu chochote kilicho na mistari. Aliisoma ripoti mara mbili, akaikunja kwa pembe zilizolingana.

Kamati nayo ilitoa azimio kabla ya kutawanyika. Ilijipongeza kwa kulitatua tatizo la maktaba, na kuagiza sakafu iinuliwe kama ilivyopangwa.

Asubuhi iliyofuata Fetuao aliingia, akainama, akamkuta Mama Fuatino ameketi mahali pake, Sieni kando yake na kitabu cha pili.

"Umepata karatasi yako?"

"Nimepata nusu, Mama. Nusu nyingine iko huko juu."

Mama Fuatino aliitazama rafu, akamtazama binti yule mwembamba, akashusha pumzi ndefu. Kisha akaukunja mkeka wake mikononi kama anayebeba mtoto mchanga, akajiinua, akaegemea ukuta.

"Haya, panda," alisema. "Na ufanye haraka, mwanangu. Heshima ninayo, ila magoti sina. Wewe Sieni, hapo ulipo, soma. Pacha amesema nini?"